McLaren 750S Spider mbele ya wapinzani wake: gari gani la wazi lina mbio kweli?

Ukienda kuulizia gari la wazi la kifahari, tarakimu ya kwanza utakayowekewa mezani ni sekunde za kutoka 0 hadi kilomita 100 kwa saa. Isome, kisha iweke kando, kwa sababu katika kundi hili haitenganishi chochote. McLaren 750S Spider inafika 100 kwa sekunde 2.8. Porsche 911 Turbo S Cabriolet nayo 2.8. Ferrari 296 GTS ni 2.9, Maserati MC20 Cielo ni kama 3, na Lamborghini Huracán EVO Spyder ni 3.1. Wa kwanza na wa mwisho wameachana kwa sekunde 0.3, na hizo dereva wa kawaida anazipoteza kwa kuchelewa tu kukanyaga mafuta.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia pale tarakimu hiyo inapoishia. Nimeiweka McLaren katikati kwa sababu ndiyo yenye msimamo mkali kuliko zote: haina mota ya umeme, haivuti kwa magurudumu manne, haina siti za nyuma. Dau lake lote liko kwenye wepesi. Swali ni kama dau hilo linalipa. Katika jedwali, PS ni kipimo cha nguvu za farasi, torki ni msukumo wa injini wa kuzungusha magurudumu (hupimwa kwa Nm), na turbo ni kifaa kinachotumia moshi wa injini kuisukumia hewa zaidi.

| Gari | Injini | Nguvu (PS) | Torki (Nm) | Kasi ya juu (km/h) | Paa kufunguka |
|---|---|---|---|---|---|
| McLaren 750S Spider | V8, lita 4.0, turbo mbili | 750 | 800 | 332 | sekunde 11 |
| Ferrari 296 GTS | V6, lita 3.0, turbo mbili, pamoja na mota ya umeme | 830 | 740 | zaidi ya 330 | sekunde 14 |
| Porsche 911 Turbo S Cabriolet (2020) | silinda 6 zilizolala, lita 3.7, turbo mbili | 650 | 800 | 330 | sekunde 12 |
| Maserati MC20 Cielo | V6, lita 3.0, turbo mbili | 630 | 730 | zaidi ya 320 | sekunde 12 |
| Lamborghini Huracán EVO Spyder | V10, lita 5.2, bila turbo | 640 | 600 | 325 | sekunde 17 |

Safu ya kasi ya juu nayo usiihangaikie. McLaren 720S Spider, ambayo ndiyo 750S iliichukulia nafasi mwaka 2023, ilikuwa na nguvu pungufu kwa PS 30 lakini ilifika kilomita 341 kwa saa. Mpya inaishia 332. Mafundi walifupisha uwiano wa mwisho wa gia kwa asilimia 15 ili gari lichanganye haraka zaidi katika mwendo unaotumika kweli, wakakubali kupoteza kidogo kule juu ambako karibu hakuna anayefika. Mimi nadhani walifanya vizuri.

Kutoka 100 hadi 200

Fanya hesabu hii ndogo: chukua muda wa kufika 200, toa muda wa kufika 100.

McLaren inafika 200 kwa sekunde 7.3. Ukitoa 2.8 inabaki 4.5. Ferrari ni 7.6 kutoa 2.9, inabaki 4.7. Lamborghini ni 9.3 kutoa 3.1, inabaki 6.2. Porsche yenye paa la chuma ilitangazwa kwa sekunde 8.9 hadi 200 na 2.7 hadi 100, kwa hiyo nayo ni 6.2. Cabriolet imeongezeka kilo 70 juu ya hiyo, basi usiitegemee ifanye vizuri zaidi.

Hapo ndipo McLaren na Porsche, zilizokuwa sare hadi 100, zinapoachana. Katika kipande hicho cha pili tofauti yao ni karibu sekunde 1.7, na kwa mwendo wa namna hiyo sekunde 1.7 ni mita nyingi sana za barabara.

Sababu yake haina uchawi. Hadi 100, kinachopimwa ni tairi zaidi ya injini. Magari yote matano yana nguvu kupita kiasi ambacho tairi zinaweza kukipeleka ardhini, hivyo mshindi ni yule anayezungusha magurudumu bila kuyatelezesha. Porsche imeumbwa kwa kazi hiyo: injini imekaa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, uzito wake unakandamiza magurudumu yanayosukuma, na ya mbele yanasaidia kuvuta. Ndiyo maana gari la kilo 1,710 linaondoka sawa na gari la kilo 1,438. Jarida la Marekani la Car and Driver liliwahi kupima ile ya paa la chuma likapata sekunde 2.2 hadi maili 60 kwa saa. Lakini kumbuka kwamba majaribio ya majarida ya huko hayahesabu ule mwendo wa futi ya kwanza, kwa hiyo usiiweke tarakimu hiyo bega kwa bega na tarakimu za viwanda vya Ulaya.

Ukishapita 100, tairi zimeshashika na mzaha umekwisha. Sasa inaamua nguvu kwa kila tani ya uzito. McLaren ina kama PS 521 kwa tani ikiwa na mafuta na vimiminika vyake, Porsche kama 380. Hakuna ujanja wa kompyuta unaoweza kuziba pengo hilo.

Jihadhari na neno moja kwenye karatasi za matangazo: uzito mkavu. Ferrari inasema kilo 1,540, Lamborghini inasema 1,542, McLaren inasema 1,326, na zote hizo ni bila vimiminika, mara nyingi pamoja na vifaa vya ziada vya kupunguza uzito ambavyo mnunuzi analipia. Zile 1,438 nilizotumia juu ni za McLaren hiyohiyo ikiwa imejazwa. Ukilinganisha, linganisha kavu kwa kavu. Kwa kavu, McLaren ina PS 566 kwa tani, Ferrari 539, Lamborghini 415. Yaani Ferrari ina PS 80 zaidi na bado inazidiwa, kidogo tu, kwa sababu umeme una uzito wake.

Pale injini inapoitikia, na pale inaposubiri

Hata hivyo nisingependa mtu akimbilie kuweka oda ya McLaren kwa hesabu hiyo peke yake. Muda wa 0 hadi 200 unapimwa gari likiwa limejiandaa: mizunguko iko juu, turbo zimeshajaa, mfumo wa kuondokea, ule unaolisaidia gari kuchomoka upesi likiwa limesimama, umewashwa. Maisha ya kawaida hayako hivyo. Uko gia ya nne, injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika, mbele yako kuna lori, na nafasi ya kulipita imefunguka sasa hivi.

Katika hali hiyo Porsche ndiyo bingwa. Torki yake yote ya Nm 800 inapatikana kuanzia mizunguko 2,500 hadi 4,000. Unakanyaga, inakwenda. McLaren ina Nm 800 hizohizo, ila kilele chake kiko kwenye mizunguko 5,500. Ukikanyaga chini ya 3,000 inavuta pumzi kwanza, turbo zinajaa, kisha mgongo wako unagandishwa kwenye kiti. Wapo wanaopenda ule mshtuko wa kuchelewa, na wengine wanaona ni kero. Ule ufupisho wa gia umepunguza kusubiri huko lakini haujakuondoa, na ukitaka kuukwepa kabisa unashusha gia mbili kwanza, jambo ambalo giaboksi yake ya gia 7 inalifanya upesi.

Ferrari imelitibu tatizo hilo kwa njia nyingine. Kati ya injini na giaboksi imewekwa mota ya umeme ya PS 167, na mota ya umeme haisubiri hewa wala moshi. Inajaza shimo lililoachwa na turbo, na kufikia wakati umeme unapungukiwa, turbo zenyewe zimeshaamka. Turbo hizo zimekaa katikati ya bonde la V, yaani nafasi kati ya safu mbili za silinda, ambalo limetanuliwa hadi nyuzi 120, hivyo moshi unasafiri njia fupi kuzifikia. Ndiyo maana, ukiniuliza gari gani kati ya haya linaitikia mguu vizuri zaidi katika kila mwendo, jibu langu ni Ferrari.

Betri ya Ferrari ina kWh 7.45, inayotosha kwenda kama kilomita 25 kwa umeme mtupu, hadi mwendo wa 135 kwa saa. Ni kidogo, lakini inakuwezesha kutoka nyumbani alfajiri bila kuamsha mtaa mzima. Kwa dereva wa uwanja wa mbio, la kujua ni hili: kitufe cha kwenye usukani cha kuchagua jinsi injini na umeme vinavyofanya kazi kina hali nne, na mbili za mwisho zina maana tofauti kabisa. Performance inaiacha injini iwake muda wote na kulinda chaji ili nguvu zisipungue mzunguko baada ya mzunguko. Qualify inakupa PS 830 zote lakini haijali betri kuisha. Mtu anayeacha gari kwenye Qualify siku nzima atashangaa kwa nini mchana gari halina makali ya asubuhi.

Gharama ya kukata paa

Gari lenye paa la chuma hulitumia paa hilo kushikilia mwili usijipinde kwenye kona. Ukilikata, mwili unahitaji kuimarishwa mahali pengine, na juu ya hapo unaongeza mota, bawaba na kifuniko. Ndiyo maana magari mengi ya wazi ni mazito na yana mtetemo kidogo kwenye fremu ya kioo cha mbele yakipita barabara mbovu.

Hapa tofauti za hawa watano zinaonekana waziwazi. McLaren imeongezeka kilo 49 tu juu ya ndugu yake yenye paa, kwa sababu kiunzi chake ni cha nyuzi za kaboni na hakikuwa kinategemea paa. Maserati, nayo ya kaboni, imeongezeka 65. Ferrari, yenye mwili wa alumini, 70. Porsche 70. Lamborghini 120. Inachekesha kidogo ukizingatia kwamba Lamborghini ndiyo yenye turubai pamoja na Porsche, wakati nyingine tatu zinaficha paa gumu. Turubai ni jepesi, ila uimarishaji wa mwili chini yake siyo mwepesi.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: McLaren ukiinunua ya wazi hupotezi karibu chochote. Kutoka 0 hadi 200 inazidiwa na ile ya paa kwa sekunde 0.1. Huracán ukiikata paa unapata gari jingine kabisa, zuri, lakini lenye tabia ya kustarehe zaidi.

Paa lenyewe, McLaren inalifungua kwa sekunde 11 na unaweza kufanya hivyo ukiwa kwenye mwendo hadi kilomita 50 kwa saa. Ferrari sekunde 14, mwisho kilomita 45. Lamborghini 17, na huo ni muda mrefu mvua ikishaanza. Porsche ina jambo moja dogo ambalo wengine wangeiga: kizuia upepo nyuma ya viti kinajiinua chenyewe kwa sekunde 2, hata gari likiwa kwenye mwendo wa 120. Maserati inakupa paa la kioo linalogeuka kutoka weupe wa maziwa hadi uwazi kwa sekunde 1, hivyo hata siku ya baridi unapata anga. Na McLaren, Ferrari na Lamborghini zina kioo kidogo cha nyuma kinachoshuka peke yake. Funga paa, shusha kioo hicho, na mlio wote wa injini unaingia ndani mvua ikinyesha. Nadhani hicho ndicho kitufe kitakachotumika kuliko vyote.

Usukani na breki

McLaren imekataa kuachana na usukani wa haidroliki, wakati wapinzani wake wameshahamia umeme. Faida yake utaisikia mikononi: kokoto, mstari wa rangi, tairi ya mbele inapoanza kuchoka kwenye kona, vyote vinakufikia. Usukani wa Ferrari ni mwepesi na wa haraka sana, mkono ukigusa tu pua ya gari imeshageuka, ila hausimulii mengi. Porsche iko katikati, tulivu na ya kuaminika.

Kwenye shokapu pia McLaren ina njia yake. Haina vile vyuma vya kuzuia gari kulala kwenye kona. Badala yake shokapu za kila upande zimeunganishwa kwa mabomba ya mafuta, presha ya upande mmoja inasaidia mwingine. Matokeo yake ni kwamba gari hili la kutisha linapita kwenye lami yenye mawimbi kwa ulaini ambao watu hawautegemei. Kati ya yale matatu yanayopigania ukali, yaani McLaren, Ferrari na Lamborghini, hili ndilo nisingeogopa kusafiri nalo saa nne mfululizo.

Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye mwendo mkubwa, bawa la nyuma la McLaren linasimama wima na kufanya kazi ya breki ya hewa. Ukitupa jicho kwenye kioo cha kati huoni barabara tena, unaona bawa. Mara ya kwanza inatisha. Ferrari inatuma amri ya breki kwa waya badala ya mafuta, na pedeli yake ina safari fupi mno. Dereva aliyezoea pedeli ya kawaida atahitaji muda kidogo kabla mguu haujapata kipimo.

Lamborghini na Maserati

Sijaziacha nyuma kwa dharau. Huracán haishindi kwa saa ya mkononi, haijaongoza katika kipande chochote nilichokitaja. Inachouza ni V10 isiyo na turbo inayotoa nguvu zake zote kwenye mizunguko 8,000, kwa sauti ambayo hakuna V6 wala V8 ya turbo inayoweza kuiiga, hata Ferrari iliyotengeneza bomba maalumu la kupeleka mlio ndani. Paa likiwa wazi sauti hiyo ndiyo gari lenyewe. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2024, na aliyeirithi, Temerario, ina V8 ya turbo na mota tatu za umeme, jumla PS 920. Ina mbio kuliko Huracán bila ubishi. Lakini anayetaka V10 sasa anatafuta iliyokwisha kutumika, na asichelewe kuangalia historia ya matengenezo.

Maserati ni nzuri kuitazama na injini yake ni kazi ya kiufundi ya kuheshimika: mafuta yanawashwa kwanza kwenye chumba kidogo cha pekee, kisha moto unaingia kwenye silinda, mbinu iliyotoka kwenye mbio za Formula 1. Kwa utendaji iko karibu na wengine bila kuongoza popote. Atakayeinunua ataichukua kwa sura, kwa lile paa la kioo, na kwa kutokutana na nyingine kila anapopaki.

Uchague lipi

Kama gari hili ndilo litakalokuwa la kila siku, mvua na jua, na wakati mwingine kuna watoto wa kubeba, chukua Porsche na usiangalie nyuma. Ndiyo pekee yenye siti za nyuma, hata kama ni za watu wadogo, na ndiyo inayoshika barabara bila kukutisha lami ikiwa imelowa. Toleo jipya la Turbo S lililotangazwa mwaka 2025 limeongezewa umeme na kufika PS 711, kwa hiyo ile ya 2020 niliyoipima hapa ina nafasi nzuri ya kushuka bei sokoni.

Kama unataka gari moja la wikiendi linaloitikia mguu papo hapo katika kila mwendo, na hujali kuchomeka waya usiku, Ferrari ndiyo yenye akili zaidi. Ni gari linalomfanya dereva wa kawaida aonekane hodari, na sisemi hivyo kwa kejeli.

McLaren mpe mtu anayependa kuendesha kuliko kuendeshwa. Itamdai kujua gia aliyomo, kusubiri turbo ijae, kuheshimu magurudumu ya nyuma tairi zikiwa baridi. Akishaelewa, ina mbio kuliko zote hapa, inamsimulia barabara kuliko zote, na kukatwa paa hakukuipunguzia kitu.

Ukienda kulijaribu lolote kati yao, usiombe kuonyeshwa mfumo wa kuondokea, kila muuzaji ataufanya bila kuombwa. Omba barabara yenye lami mbovu paa likiwa wazi, shika fremu ya kioo cha mbele usikie kama inatetemeka. Kisha ukiwa gia ya nne, mizunguko 2,500, kanyaga hadi chini na uhesabu kimoyomoyo hadi gari liitikie.